Karani wa Nyavu za Chuma

Baba alikuwa na watoto watatu na karani mmoja, na kati yetu wanne aliyesikizwa ni karani. Ndugu zangu walilitambua hilo mapema wakaenda zao: kaka akawa dereva wa malori, dada akaolewa Nakuru. Mimi nilibaki dukani. Nilibaki nikingoja siku ambayo mteja angesimama mbele ya meza na swali gumu, na Baba, badala ya kumgeukia karani, angenigeukia mimi.

Duka letu liko Makadara, si mbali na Barabara ya Jogoo, na tunauza nyavu za chuma. Mtu akisikia hivyo hufikiri waya wa kuku. Wa kuku tunao, lakini waliotulisha na kutusomesha ni watu wa viwanda: wanaotafuta wavu wa kuchekechea, wa kukinga mkanda wa mashine usimnase mtu mkono, wa kukaushia matunda, wa kutengeneza njia ya kupita juu ya matangi. Na nyavu si kitu kimoja. Kuna wavu wa kuchomelewa, ambao nyaya zake zimelazwa moja juu ya nyingine na kushikanishwa kwa moto kila zinapokutana. Kuna wa kusukwa, nyaya zikipanda na kushuka kama mkeka. Kuna bati linalochanjwa mikato mifupi kisha likavutwa mpaka mikato ikafunguka ikawa macho, lile ambalo mafundi wetu huliita ekspandedi. Na kuna bati lililotobolewa matundu ya duara, laini ukilipapasa. Ukimpa mtu moja badala ya jingine, hatagundua siku hiyo. Atagundua mashine ikishaanza kazi.

Kuuza nyavu, kila mmoja wetu aliweza. Kuchagua ilikuwa kazi ya Karani.

Hakuwa mtu wa kujificha nyuma ya rafu. Katika duka ambalo vumbi la chuma huingia mpaka kwenye sukari, yeye alivaa sketi iliyopigwa pasi na viatu vya kisigino, na kucha zake zilikuwa ndefu, zimepakwa rangi nyekundu. Sikumbuki kumwona amebeba chochote kizito kuliko mkoba wake. Mteja akisema anachotaka, Karani aliinuka taratibu, akaenda kwenye vipande vya mfano vilivyotundikwa ukutani, akapitisha ukucha juu yake, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayepiga zeze, huku akisikiliza. Mteja naye akanyamaza. Hata wanaume waliokuja na haraka zao walinyamaza. Nilikuwa na hakika kuwa ni mchezo wa kuigiza. Siku moja, duka likiwa tupu, niliinuka nikajaribu mwenyewe. Nilisikia ukucha unakwaruza chuma, basi.

Alipenda kusifiwa. Hilo nalitaja mapema kwa sababu waliomjua wakija kusimulia habari zake humfanya mnyenyekevu, na unyenyekevu hakuwa nao. Fundi akirudi kusema wavu aliochaguliwa umefaa, Karani alimtaka aseme tena, Baba akiwepo. Kama Baba alikuwa nyuma stoo, fundi aliketishwa na kupewa chai amngoje. Na chai yenyewe ilipikwa na mimi.

Swali lake la kwanza kwa mteja lilikuwa lile lile miaka yote. Hakuuliza upana wala unene. Aliuliza, "Niambie kwanza nini kitapita na nini kitabaki." Kisha akauliza la pili: kuna mtu atakayekanyaga, atakayeegemea, au atakayeosha? Watu walikuja wameandikiwa na wakubwa wao kitu cha kununua, wakajikuta wanasimulia kiwanda kizima: mvuke unatoka wapi, sakafu ina mteremko gani, mashine inatetemeka kiasi gani. Niliyakariri maswali hayo. Nilipobaki na mteja niliyauliza kwa maneno yale yale, na mteja akanijibu kwa adabu, kisha akauliza kama Karani ametoka kidogo au ametoka kabisa.

Alikuwa mtu wa kanisa, mwimbaji wa kwaya wa mstari wa mbele, mwenye sauti ya kwanza. Na alikuwa mwongo. Sisemi kwa chuki. Alidanganya mchana kweupe, wateja wakimtazama. Akiona mtu anataka wavu usiofaa kazi yake na hataki kushauriwa, alimwambia, "Hatuna." Wavu wenyewe ungekuwa pale nyuma yake, umeviringishwa, umesimama kama askari. Siku moja msimamizi wa kiwanda cha kutia nguo rangi, upande wa Mukuru kwa Reuben, alitaka wavu wa kuchomelewa wa waya mwembamba, wa kuweka njia ya kupita juu ya matangi ya rangi. Aliupenda kwa sababu ni mwepesi na hukatwa upesi. Karani akasema hatuna. Yule bwana akaunyooshea kidole. Karani hakugeuka kuutazama. Alisema huo una mwenyewe, amelipia, anakuja kuuchukua.

Hakukuwa na mwenyewe. Nilimfuata Baba stoo nikamwambia karani wake anafukuza wateja kwa uongo. Nilitegemea atakasirika. Baba alicheka mpaka akatoa kitambaa cha mkono akafuta macho, kisha akaenda mbele akamuuliza yeye, si mimi, kwa nini. Karani alimwambia kwamba amemuuliza yule bwana nani atakayepita juu ya matangi, naye akasema ni akina mama tu, wanabeba ndoo. Wanatoka hapo Mukuru, wanavaa patipati za mpira miguuni. Sakafu ya juu imelowa. Waya mwembamba utabonyea katikati, na waya wa mviringo ukilowa unateleza. Baba akachukua koti lake. Walikwenda wote wawili kukiangalia kiwanda. Mimi niliachiwa duka.

Yaliyotokea huko nilisimuliwa na kijana wetu wa mkokoteni aliyefuatana nao, ambaye ni mzaliwa wa Huruma na hajui kusimulia jambo bila kulichezea. Walipanda kwenye njia ya zamani kuitazama, kisigino cha Karani kikaingia kwenye tundu kikakwama. Matangi yanachemka chini. Karani amesimama kwa mguu mmoja, ameshika chuma cha pembeni, hapigi kelele. "Basi buda akapiga magoti," kijana akaniambia, akimaanisha Baba, "akamtoa kiatu polepole. Si mchezo."

Nilicheka naye, kwa sababu alitegemea nicheke. Lakini Baba alikuwa na magoti mabovu. Kanisani alikuwa akisali ameketi, mchungaji alishamruhusu. Nilipotaka kumfunga kamba za viatu siku za baridi alinifukuza, akainama mwenyewe akiguna. Na sasa nilikuwa na picha hiyo kichwani, ya magoti ya Baba juu ya chuma kilicholowa, na kiatu cha mtu mwingine mkononi mwake. Picha hiyo haijanitoka.

Karani alirudi amechangamka. Alisema kisigino chake kimemfundisha: panapoingia kisigino, spana nayo itaanguka, impate mtu kichwani chini. Alichagua ekspandedi ya macho madogo, ile ambayo kingo zake zimeinuka na huuma soli, akaagiza ilazwe urefu wa macho ukitoka mhimili hadi mhimili, isije ikapinda. Yule msimamizi alinunua. Baadaye akaja kununua tena, na tena. Wale akina mama wa ndoo, nasikia, walikuwa wakimwita Karani "mama wa kisigino", na aliyatamka maneno hayo kwa furaha kama jina la heshima.

Watu walinong'ona, bila shaka. Mtaa wetu hauachi kitu. Mama, alipokuwa hai, aliletewa maneno hayo mpaka jikoni, akajibu kwamba wanaume wengine wanapotelea kwenye pombe, wake amepotelea kwenye matundu, na kila jioni anarudi nyumbani ana njaa. Mama hakuwahi kuona wivu. Nafikiri aliniachia mimi wote. Kwa sababu mimi nilijua kwamba hakukuwa na jambo la aibu kati yao, na hilo ndilo lililoniuma. Jambo la aibu lina mwisho wake. Wao walikuwa na mazungumzo tu. Walizungumza juu ya zinki inavyoshika, juu ya waya wa chuma cha pua kutoka kwa muuzaji huyu na yule, juu ya eneo wazi lililobaki bati likishatobolewa, na sauti ya Baba ilikuwa nyepesi, sauti ya kijana. Nikiingia iliteremka. Kwangu alikuwa na sauti ya kuuliza kama umeme umelipiwa.

Mara moja Karani alikosea. Nataka niieleze vizuri, kwa kuwa ni mara moja.

Alikuja mama mmoja aliyekuwa anaanzisha kazi ya kukausha nanasi. Alitaka trei. Karani akamuuliza maswali yake, akamchagulia wavu wa kuchomelewa uliopakwa zinki, ule ule unaotumiwa kukaushia kahawa, akisema hewa itapita vizuri na vipande havitaanguka. Nilikuwa nimesimama pale. Nilisema nanasi si kahawa, lina ukali, litakula zinki. Nilisema ningeweka chuma cha pua. Baba alinitazama kama mtu aliyesikia mlango umegongwa na upepo. Karani akatabasamu, akasema vipande havikai muda mrefu. Tukamuuzia wa zinki.

Yule mama alirudi msimu haujaisha, na trei moja kwenye gunia. Zinki ilikuwa imefifia, imeota unga mweupe, na kipande cha nanasi alichotuletea kilikuwa na ladha ya sarafu. Nakiri nilikionja kwa furaha. Niliketi nikangoja Karani ajitetee. Nilikuwa na maneno yangu tayari.

Hakujitetea. Alikionja naye, akatema kwenye kitambaa, akamwambia yule mama, "Nimekuharibia mali. Mimi mwenyewe." Akasema trei zote zitabadilishwa kwa chuma cha pua, na kwamba mtu mmoja alimwambia tangu mwanzo naye hakusikia. Akageuka akaninyooshea mkono, kucha nyekundu zote tano. "Ni huyu." Yule mama akanishukuru mara moja, harakaharaka. Kisha akamshika Karani mkono wake kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga, akasema hajawahi kukutana na mfanyabiashara wa namna hiyo Nairobi hii. Tangu siku hiyo hakununua kwa mtu mwingine, na alipofika alimwulizia Karani. Baba alizungumzia jambo hilo mwaka mzima: jinsi Karani alivyokiri. Kwamba nilikuwa sahihi, sikumsikia akilisema.

Hapo ndipo nilipoelewa nimeshindwa. Mtu anayekushinda akiwa sahihi unaweza kungoja akosee. Huyu alinishinda akiwa amekosea, tena akinisifu.

Na alinisifu mara nyingi, mbele za watu, jambo ambalo singemtakia adui yangu. Alimwambia Baba kwamba nina kichwa. Binti yangu alipoingia shule ya upili, sweta yake ya kwanza ilitoka kwa Karani, tena ya saizi sawasawa. Nilimwambia asante. Nilikuwa nikimwita Anti mdomoni na Karani moyoni.

Baba alipolazwa, nilikuwa nikimpelekea uji kila mchana. Niliukoroga, nikaupoza, nikamnywesha. Siku moja aliniuliza kama Karani anajua wadi aliyomo. Nikasema nitamwambia. Alikuja kesho yake amevaa gauni la kanisani, akaketi upande wa pili wa kitanda, na kabla hajamaliza kuuliza hali akaanza kumsimulia habari za kiwanda cha chokaa kilichotaka chekeche jipya. Baba, ambaye kwangu alikuwa akijibu kwa kichwa, alijiinua kwa kiwiko. Alimwambia asikubali kuwapa wa kuchomelewa, mashine ile inatikisika, viungo vitaachia. Karani akasema na yeye aliwaza hivyo. Walibishana kuhusu unene wa waya. Baba alicheka, akakohoa, akacheka tena. Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji, nao ukapoa.

Karani alipoondoka, Baba alinigeukia. Nilisogea karibu. Aliniuliza kama nimefunga stoo.

Alifariki wiki hiyo. Maneno mengine alisema, ya kuomba maji na kusogezewa mto, lakini hilo ndilo la mwisho ambalo lilikuwa na umbo la swali, na nilimjibu kwamba nimefunga.

Baada ya mazishi Karani alikaa miezi michache, akanionyesha wauzaji wote na tabia zao, kisha akaaga. Hakukuwa na ugomvi. Alisema miguu imechoka na visigino vimekwisha. Nikampa zawadi, tukapiga picha mlangoni. Nilifikiri sasa nitapumua. Nilivua vile vipande vya mfano ukutani nikavipanga upya, kwa mpangilio wangu. Wateja waliingia, wakatazama kiti chake, wakaniuliza, "Karani yuko?" Siku hizi wengi hawaingii hata dukani, wanatuma picha ya mashine kwenye simu, na chini ya picha wanaandika: tafadhali muulize Karani.

Nilijibu mwenyewe. Na niseme haki, nilijibu vizuri. Duka halijaanguka. Lakini mwaka huu kiwanda cha chakula cha mifugo kiliniletea shida ambayo sikuweza kuimaliza. Chekeche lao la kutikisika lilikuwa likipasuka kila mara. Wavu wa kuchomelewa uliachia kwenye viungo, kama Baba alivyosema. Wa kusukwa ulivumilia, lakini nyaya zilihama, matundu yakapanuka, pumba zikapita na punje. Bati la matundu lilikuwa imara, ila lilizibwa na molasi ya kunata kabla ya saa sita. Nililala na nyavu hizo tatu kichwani. Mwishowe nilikata kipande cha kila moja, nikavifunga kwenye gazeti, nikaenda Huruma, kwa Karani.

Anaishi juu kabisa kwenye ghorofa moja jembamba, na ngazi zake zina giza hata jua likiwa kali. Nilipanda nikitunga maneno ya kuanzia. Nilikuwa sijamtembelea tangu aondoke. Nilifika nikakuta mlango uko wazi, na nikasikia kicheko chake, kile cha kweli, ambacho kwetu alikuwa akikitoa na Baba peke yake.

Ndani alikuwa ameketi na mwanamke wa makamo yangu. Nilimtambua. Ni mwenye duka la nyavu lililofunguliwa juzijuzi tu, upande wa pili wa barabara yetu, ambalo limeninyang'anya mafundi kadhaa. Mezani kati yao vilikuwepo vipande vya chuma, vya kusukwa na vya kutobolewa, na Karani, kwa slipa za nyumbani na miwani, kucha fupi zisizo na rangi, alikuwa akipitisha kidole juu ya kimoja. Yule mwanamke alikuwa ameinama kuelekea kwake, amefungua macho kama mtoto. Alikuwa akimwita Mum.

"Karibu, msichana wangu," Karani akaniambia, kana kwamba nilitoka jana. Akamwambia yule mwingine kuwa mimi ni binti wa mzee wake wa Makadara. Akatuletea chai. Akauliza habari za binti yangu, nikamjibu. Kisha akamrudia yule mgeni wake, wakaendelea pale walipoachia.

Niliwatazama wakizungumza, sauti zao nyepesi, na yale maumivu ya zamani yakanishika mahali pale pale, chini ya mbavu. Kwa miaka yote nilidhani nilikuwa nikimwonea wivu Karani kwa sababu ya Baba. Baba amelala chini ya ardhi, hana wa kumpa kitu tena. Na bado nilitaka kumshika yule mwanamke begani nimtoe nje. Nilitaka macho yale ya nyuma ya miwani yanitazame mimi. Nilijiuliza ni lini nilianza kulitaka jambo hilo, nikaona sijui, huenda ni tangu utotoni, tangu kucha zile juu ya waya.

Nilitia gazeti langu chini ya kiti, nikanywa chai. Yule mwanamke naye alikunywa yake kwa utulivu. Alitazama saa, akanitazama, akaketi tena vizuri. Nikaelewa kwamba ananingoja niondoke. Nikaomba chai nyingine. Mazungumzo yaliisha, wakaanza upya kuhusu bei ya mihogo, na kuhusu kwaya, na kuhusu maji yanayokatika Huruma. Sikuinuka. Karani alitutazama kwa zamu, akatia maziwa zaidi.

Hatimaye simu ya yule mwanamke ililia, dukani kwake wanamhitaji. Aliaga shingo upande. Vipande vyake aliviacha mezani, akasema atavipitia kesho.

Karani alimsindikiza mpaka kwenye ngazi, akarudi, akaketi. Alivua miwani akaipangusa kwa kanga.

"Haya," akasema, "toa ulichobeba."

Nilitoa gazeti chini ya kiti. Kwanza nilivikusanya vipande vya yule mwingine vyote, nikaviweka sakafuni, kule karibu na mlango. Kisha nikaweka vyangu mezani.